Kuanzia balbu hadi kompyuta: kabla ya kuuliza wati na chapa, uliza joto lake linatokea wapi

Lehemu (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye meza yangu ya ufundi ni fupi: "Nichukue ipi?" Balbu ya wati ngapi, laptopu ya kampuni gani, SSD (diski isiyo na kinachozunguka) au hadidiski, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi) ya gigabaiti ngapi. Muulizaji anataka jina moja na namba moja aondoke nazo. Nami kila siku nazidi kuamini kwamba jina hilo na namba hiyo ndizo zinazompoteza, maana hazimwambii kifaa kitakuja kufa na nini.

Juzi nilifungua balbu ya LED iliyokufa. Kile kichwa cheupe cha plastiki kinabanduka ukikizungusha kwa nguvu kidogo, na ndani unakuta sahani ya alumini yenye vidude vya njano vinavyotoa mwanga. Hii ilikuwa navyo kumi na viwili. Kumi na kimoja vizima, kimoja kina nukta nyeusi katikati, ndogo kama tundu la sindano. Vimefungwa kwa kufuatana, umeme unatoka cha kwanza unaingia cha pili mpaka cha mwisho, kwa hiyo kimoja kikikatika vyote vinazima. Nikaing'oa sahani nione saketi iliyo chini yake kwenye shingo. Kapasita, kile kikopo kidogo kinachotunza chaji ya umeme, imevimba kichwa, na ganda lake la plastiki limesinyaa kwa kuungua.

Wiki hiyohiyo nikaletewa kompyuta ya mezani inayowaka na kujizima. Nikafungua. Kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), jirani kabisa na prosesa, kapasita tatu zimevimba vichwa vilevile. Nikaziweka mezani pamoja na ile ya balbu, na kama ningezichanganya ningeshindwa kusema ipi ilitoka wapi, ila kwa ukubwa tu.

Kapasita za aina hii zina majimaji ya kemikali ndani, na joto linayakausha. Mafundi tuna kanuni ya kukadiria: kila nyuzi 10 za Selsiasi ukiipunguzia, umri wake unazidi mara mbili. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 itafika kama saa 8,000 ikikaa kwenye nyuzi 85, na kama saa 32,000 ikikaa kwenye 65. Kwa taa inayowaka saa tano kila siku, hiyo ni tofauti kati ya miaka minne na ushee na miaka kumi na saba. Kapasita ni ileile. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa.

Balbu ya zamani ya waya wa tungsteni inapoteza zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake kwa joto, lakini joto hilo linajiondokea lenyewe. Waya uko kwenye nyuzi kama 2,500 na unalirusha nje kwa mionzi. Kile kitu kimeumbwa kikae motoni. LED inakupa lumeni (kipimo cha mwanga) zilezile 800 kwa wati 8 au 9 badala ya 60, ila zaidi ya nusu ya hizo wati chache bado ni joto, na joto hilo haliruki na mwanga. Linabaki mgongoni mwa kidude, lipite kwenye alumini, litokee shingoni. Ukiifungia balbu hiyo ndani ya kifuniko cha kioo kisicho na upenyo, umelifungia joto humo pamoja na kapasita.

Kwa hiyo mimi nikichagua kifaa, kiwe taa au kompyuta, nauliza mawili kwanza: joto lake linatokea wapi, na kipande kimoja kikifa nitaweza kukibadilisha? Chapa na wati ninavitazama baadaye. Karibuni tubishane.

Tarakimu

Mkuu Lehemu, kwenye joto nakuunga mkono nusu. Nusu nyingine ni kwamba tunauziwa vitu vilivyopangiwa kufa.

Kuna balbu inawaka kwenye kituo cha zimamoto kule Livermore, California, tangu 1901. Na mwaka 1924 wakubwa wa biashara ya balbu, Osram, Philips na matawi ya General Electric ya nje ya Marekani, walikutana Geneva wakaunda umoja wao ulioitwa Phoebus. Wakakubaliana balbu isizidi saa 1,000, wakati zilizokuwepo zilifika 1,500 hadi 2,000. Kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kupita kiasi kilitozwa faini. Faini kwa kutengeneza kitu kizuri! Hayo si maneno ya kijiweni, yamo kwenye kumbukumbu. Sasa leo uniambie ile kapasita ya bei ya chini imewekwa shingoni kwa bahati mbaya?

Lehemu

Tarakimu, Phoebus ni kweli tupu na nakushukuru kwa kuileta. Ila balbu ya Livermore usiitumie kama ushahidi. Leo inawaka kwa kama wati 4, na mwanga wake ni wa kukuonyesha njia ya kwenda chooni usiku. Huwezi kusomea. Waya ukiwa wa baridi unaishi miaka na miaka, lakini karibu umeme wote unaishia kwenye joto. Ukiupandisha moto unapata mwanga mwingi kwa kila wati, na umri unakatika. Volti ikizidi kwa asilimia 5 tu, umri wa balbu ya waya unashuka karibu nusu. Kwa hiyo zile saa 1,000 zilikuwa na tamaa ndani yake, na zilikuwa na fizikia pia. Mhandisi mkweli angeweza kuichagua namba hiyo bila mtu kumlazimisha. Ni ile faini inayoonyesha nia yao.

Hapa sasa nakupa ushindi mahali ambapo hukuuomba. Kwenye LED fizikia imegeuka. Ukipunguza umeme unaopita kwenye kila kidude, kinadumu zaidi NA kinatoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati. Vyote viwili kwa pamoja. Unachohitaji ni kuweka vidude vingi, kila kimoja kifanye kazi kidogo. Philips waliifanya hivyo kwa ajili ya jiji la Dubai mwaka 2016, balbu inayofika lumeni 200 kwa wati moja, wakati nyingi za madukani ziko karibu na 100. Mtengenezaji anayeweka vidude kumi na viwili na kuvisukuma mpaka viungue hana kisingizio cha tungsteni. Anaokoa vidude tu. Tuhuma yako ina uzito leo kuliko ilivyokuwa 1924.

Tarakimu

Hapo tumeelewana.

Nukta Nane

Naomba nichangie kwenye balbu kabla hamjahamia kompyuta. Watu wanunue lumeni, waache kununua wati. Wati ni unachokula, lumeni ni unachopata.

La pili ni rangi. Ndani ya balbu nyeupe ya LED kinachowaka ni mwanga wa bluu, na ile rangi ya njano aliyoiona Lehemu ni unga unaoupokea huo wa bluu na kuugeuza sehemu yake kuwa njano, vikichanganyika tunaona nyeupe. Bluu ndiyo iliyosumbua wanasayansi kwa miongo, na walioiweza, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwenye boksi utaona rangi ya mwanga kwa Kelvini: 2,700 kwa mwanga wa manjano kama wa moto na 6,500 kwa ule mweupe wa kibluu. Watu wengi wanachukua 6,500 wakidhani ndiyo yenye nguvu, kisha wanalalamika chumba kina sura ya wodi. Tazama pia Ra, namba inayopima jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu. Ikiwa 80 nguo nyekundu inafifia kidogo, ikiwa 90 na zaidi rangi zinakaa sawa. Kwa anayeshona au kupaka rangi, hiyo namba ina maana kuliko zote.

Mama Ripoti

Nawasoma kwa makini. Mimi si fundi, naandika ripoti na kujaza majedwali. Laptopu yangu ina RAM gigabaiti 4 na hadidiski ya terabaiti 1. Nikiiwasha naweza kwenda kuoga nikarudi bado inajivuta. Feni yake inalia muda wote na chini inaunguza mapaja. Ofisini wananiambia nitupe ninunue mpya. Kaka Lehemu, kwa hayo maswali yako mawili, nifanyeje?

Waya Mwekundu

Dada, nunua mpya, usipoteze muda. Windows 10 ilimaliza kupata msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za miaka ya karibuni. Laptopu ya zamani ikipachikwa vipuri vipya bado ni ya zamani. Tena prosesa mpya zina kasi isiyolinganishika.

Lehemu

Waya Mwekundu, la Windows ni hoja halali na nitalirudia. Hilo la kasi tulipime.

Mwaka 1993 Pentium ya kwanza, prosesa ya Intel, ilikuwa na megahezi 60. Mwisho wa 2004 Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8. Zaidi ya mara sitini ndani ya miaka kumi na moja. Kisha? Kwa miaka ishirini iliyofuata, prosesa za mezani zenye kasi kuliko zote zimefika kama gigahezi 6. Haijafika hata mara mbili. Kilichowazuia ni joto. Zamani kila walipopunguza ukubwa wa transista (swichi ndogondogo za ndani ya prosesa) walipunguza na volti, kwa hiyo joto la kila milimita ya mraba lilibaki palepale. Volti ilipokataa kushuka tena, mlango ukafungwa. Ndipo wakaanza kuongeza viini, yaani prosesa kadhaa ndani ya chipu moja: viwili, vinne, vinane. Viini vingi vinamfaa anayehariri video. Anayejaza jedwali hatofautishi.

Mama Ripoti, usitupe chochote bado. Washa laptopu, isubiri itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona dirisha lenye asilimia. Tazama ya diski na ya kumbukumbu, uje utuambie.

Mama Ripoti

Diski 100. Kumbukumbu 91. Prosesa 14 tu.

Lehemu

Basi prosesa yako imekaa inasubiri. Mgonjwa ni diski.

Hadidiski ni sahani inayozunguka na mkono unaotafuta. Hata ile ya mizunguko 7,200 kwa dakika inafanya mizunguko 120 kwa sekunde, kwa hiyo kusubiri sehemu unayoitaka ipite chini ya mkono ni kama milisekunde 4 kwa wastani, na mkono wenyewe kusogea ni kama 9. Jumla 13. Gawanya sekunde moja kwa hizo, unapata safari kama 75 tu kila sekunde. Wakati wa kuwaka kompyuta inaita mafaili madogo kwa maelfu, kila moja liko kona yake. SSD haina kinachozunguka, na hata ya kawaida ya SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski) inaweza safari makumi ya maelfu kwa sekunde. Mtu anayehama kutoka hadidiski kwenda SSD anadhani kabadilishiwa kompyuta nzima.

RAM gigabaiti 4 kwa mambo ya leo ni finyu. Ikijaa, kompyuta inahamishia vitu kwenye diski kwa muda, na diski yako ndiyo hiyo inayotembea kwa miguu. Ongeza ifike 8, ikiwezekana 16.

Na hilo joto la mapajani usilipuuze. Mpe fundi afungue feni. Mara nyingi kati ya feni na mapezi ya kupozea kunakuwa na blanketi la vumbi, unalivuta kwa kibanio linatoka zima kama kitambaa. Na ile pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na shaba inakauka mpaka inapukutika kama chaki. Laptopu ya mwisho niliyoisafisha ilikuwa inagonga nyuzi 97 ikifungua faili kubwa. Karibu na 100 prosesa inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Baada ya kusafisha na pesti mpya, kazi ileile ilifika nyuzi 72, na mwendo ukarudi bila kununua kitu kingine.

Sindano

Dada, kabla hujalipia SSD sikiliza yaliyonikuta mimi. Zile bapa kama kijiti cha ubani zinaitwa M.2, na ndani ya umbo hilohilo kuna mbili tofauti: inayosema lugha ya SATA na inayosema NVMe, ambayo ni mpya na ya kasi zaidi. Nilinunua NVMe kwa sababu boksi lilisema megabaiti 3,500 kwa sekunde. Ikaingia vizuri kabisa, skrubu ikakaa, kompyuta ikakataa kuitambua. Tundu langu lilikuwa la SATA peke yake. Muuzaji akakataa kuirudisha kwa sababu nilishafungua boksi. Tafuta kitabu cha modeli yako, soma tundu linapokea nini. Kama hadidiski yako ni ile ya inchi 2.5, SSD ya SATA ya inchi 2.5 inakaa palepale na hakuna kubahatisha.

RAM nayo hivyohivyo. DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi vyake, kila kimoja kina mkato wake mahali pake, haziingiliani. Ikigoma kuingia usiisukume.

Kisima

Swali la pili la Lehemu hamjaligusa vya kutosha. Laptopu nyingi nyembamba za leo RAM imelehemiwa kwenye madabodi. Siku unayoinunua ndiyo siku unayoamua itakavyokuwa miaka saba ijayo. Nyingine na SSD imelehemiwa. Ndiyo maana mimi nimebaki na kompyuta ya mezani: pawasaplai ikifa nabadilisha pawasaplai, feni ikichoka nabadilisha feni.

Tarakimu

Kisima, na umeme je? Mashine ya mezani yenye skrini yake ikila wati 100 kwa saa nane, hiyo ni uniti 0.8 kwa siku. Laptopu ya wati 20 ni uniti 0.16. Tofauti ya 0.64 inazidi mara mbili unachookoa ukibadilisha balbu ya wati 60 kuwa ya 9 na kuiwasha saa tano, ambayo ni kama 0.255. Watu wanajisifu kwa balbu huku mashine inanguruma pembeni.

Kisima

Hesabu yako ni sahihi. Ila ongeza na laptopu mbili utakazozika wakati yangu moja iko hai. Kuitengeneza kompyuta mpya kunakula nishati na madini kabla hata haijawashwa.

Tarakimu

Inategemea saa unazoiwasha. Kwa saa mbili kwa siku nakukubalia. Kwa saa nane sikubali.

Waya Mwekundu

Nimesoma hesabu za diski, narudisha kauli yangu kwa upande wa Mama Ripoti. Lakini kwa anayehariri video bado nasimamia mpya. Prosesa ya leo inafanya kazi ileile kwa wati chache, na wati chache ndilo joto dogo analolipigania Lehemu.

Lehemu

Kwa kazi hiyo nakubali bila kusita, Waya Mwekundu.

Na kuhusu Windows: kama laptopu ya Mama Ripoti ina TPM 2.0 na prosesa yake imo kwenye orodha ya Microsoft, ahamie 11. Kama haimo, Linux ipo, mfumo mwingine badala ya Windows, haina malipo, na kwa ripoti na majedwali inatosha. Kinachotakiwa kwanza ni kujaribu kufungua mafaili yake ya ofisini humo, aone kama majedwali yanakaa sawa, kabla hajahama. Kubaki kwenye mfumo usiopata marekebisho ya usalama huku unapokea mafaili ya watu kila siku, hapana.

Mama Ripoti

Swali la mwisho kabla ya kwenda kwa fundi. Picha za wanangu zote ziko kwenye hiyo hadidiski. Nikiweka SSD, picha nizihamishie kwenye flashi? Nimeona ya terabaiti 2 kwa bei ya chini sana.

Nukta Nane

Dada, hiyo flashi iache! Nyingi za namna hiyo zina gigabaiti chache tu ndani, na chipu yake imefundishwa kudanganya kompyuta. Unanakili picha, majina yote yanaonekana, hakuna kosa linalotokea. Kumbe zilipojaa zile gigabaiti za kweli, zinazofuata zinaandikwa juu ya za mwanzo au zinapotea hewani. Unagundua siku unayoitafuta picha. Kuna programu za bure, H2testw ya Windows na F3 ya Linux, zinazojaza flashi nzima kisha zinasoma tena kuhakiki. Flashi yoyote mpya ipitishe huko kabla ya kuipa kitu unachokipenda.

Lehemu

Naongezea. SSD ni nzuri kwa kazi, si kwa kabatini. Inatunza data kwa chaji za umeme zilizonaswa, na ikikaa muda mrefu bila umeme, hasa mahali pa joto, chaji zinavuja taratibu. Hadidiski inatunza kwa sumaku, na kwa kukaa kabatini inavumilia zaidi. Kwa hiyo hiyo ya zamani usiitupe. Fundi akiitoa, nunua kasha la USB la inchi 2.5, itumbukize humo, iwe ya picha zako. Kisha weka nakala nyingine mahali pengine, maana hadidiski nayo ikianguka ikiwa inazunguka, mkono unakwaruza sahani na basi.

Mama Ripoti

Nimerudi, wakuu. Ni wiki mbili sasa.

Kulikuwa na RAM moja iliyolehemiwa na tundu moja tupu, DDR4. Imeingia ya gigabaiti 8, jumla 12. SSD ya inchi 2.5 imekaa palepale ilipokuwa hadidiski. Vumbi lilitoka kama alivyosema Lehemu, zima kama kitambaa, fundi akanipa nilishike. TPM 2.0 ipo, nimehamia Windows 11. Nimeipima kwa saa ya simu: kutoka kubonyeza hadi kuandika ni sekunde 19. Feni naisikia nikifungua majedwali makubwa tu.

Hadidiski iko kwenye kasha, picha zote zimefunguka, nakala ya pili iko kwa dada yangu.

Na ile taa ya sebuleni iliyokuwa inaniulia balbu kila baada ya miezi michache, nimepanda ngazi nikaitazama. Ina bakuli la kioo, limefungwa juu na chini. Nimelitoa lile bakuli.

Lehemu

Dada, andika tarehe ya leo kwa kalamu kwenye shingo ya hiyo balbu mpya. Ikija kufa uifungue, kisha utuletee hapa picha ya kapasita.